Antena Yenye Mkia

Mwanamke anayetengeneza redio mgodini huzoea kuulizwa fundi yuko wapi. Miaka ya kwanza nilijibu kwa hasira. Baadaye nikawa nanyoosha tu bisibisi kuelekea meza ya shefu, mkuu wa karakana, kwa sababu hata mimi nilijua kwamba fundi ni yule. Sisi wengine tulijua kutengeneza. Yeye alijua kwa nini kitu kinafanya kazi, na hiyo ni elimu nyingine kabisa.

Karakana yetu ilikuwa Kolwezi, nyuma ya ofisi za mgodi, upande wa kuelekea Musonoi. Tulihudumia redio za malori makubwa, za wachimbaji waliokuwa chini kwenye mashimo, na za bwawa la Nzilo ambako umeme wetu ulitoka. Shefu alikuwa mtu wa mwili mdogo, miwani yake imefungwa waya kwenye sikio moja, na shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Alikuwa na desturi moja iliyonichosha mwaka mzima kabla sijaanza kuipenda. Kifaa kikiharibika, hakuna ruhusa ya kukigusa mpaka umekieleza kwa mdomo: kilikuwa wapi, kilifanya nini, nani alikuwepo. Ukinyoosha mkono mapema, anaupiga kwa rula.

"Kwanza ongea," alikuwa akisema. "Mukono utakuya nyuma."

Nilimwona mjinga. Nilikuwa na diploma, nina haraka, na nilidhani maneno ni ya wanasiasa. Kisha siku moja nikamweleza redio iliyokufa, na kabla sijamaliza sentensi ya tatu nikanyamaza, maana jibu lilikuwa limetoka kinywani mwangu mwenyewe. Yeye hata hakuinua kichwa. Aliendelea kula bukari yake, ugali wa kwetu, na ndakala, vile visamaki vikavu, tonge moja moja, zote za ukubwa sawa.

Halafu mambo yakaharibika. Mashimo yalijaa maji, malori yakasimama yakikosa vipuri, wazungu wengi wakaondoka baada ya askari na raia kupora maduka. Njaa ilipokaza, watu wakaanza kuulizana nani ni mwenyeji. Shefu alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini baba yake alikuja zamani kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya reli, na hilo likatosha. Watu wa Kasai wakaitwa wadudu, wakaambiwa warudi kwao. Wazazi wangu mimi walitoka kaskazini ya Katanga, mkoa huu huu lakini safari ya siku nyingi, na Kolwezi walifika baada ya baba yake shefu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi.

Vijana walikwenda nyumbani kwake Musonoi, wakampa mke wake muda wa kutoa godoro na masufuria. Familia ikahamia stesheni, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine waliokuwa wakisubiri treni ya kuwapeleka Kasai. Treni zilikuwa chache. Watu walikaa wiki, wengine miezi. Surua iliingia kwenye yale maturubai, na kila siku tulisikia mtoto fulani amezikwa. Shefu alikuwa na watoto wanne, na yule wa mwisho, msichana asiyejua hata kutembea, alikuwa ameanza kukohoa.

Na bado asubuhi shefu alikuja kazini akitokea stesheni kwa miguu, na shati limepigwa pasi. Mke wake alilinyoosha kwa pasi ya makaa juu ya sanduku la nguo. Sijui wale wawili walikuwa wameumbwa kwa udongo gani.

Sasa niseme na yangu. Kwenye ofisi ya wafanyakazi kulikuwa na karatasi ya watu watakaochukua nafasi za wanaofukuzwa, na mimi nilikuwa nimeandikwa kwenye nafasi ya shefu. Waliniambia. Nilisema, "Aa, hapana, haifai," kama mtu anayekataa chakula cha ugenini huku tumbo linanguruma. Siku hiyo hiyo nilijitazama kwenye kioo cha lori moja bovu nikajiita shefu kwa sauti ya chini, nikaona jina linanikaa vizuri. Naona haya mpaka leo.

Hapo ndipo akaja afisa wa jeshi, mkuu wa kambi, na antena mkononi. Ilikuwa fimbo ndefu ya chuma, ile askari anayobeba mgongoni pamoja na redio, nayo ilikuwa imevunjika katikati. Akaitupa mezani.

"Fundi iko wapi?" akaniuliza mimi. Nikanyoosha bisibisi.

Shida yake ilikuwa hii. Antena zile ndefu zilivunjika kwenye milango ya magari, zilinasa kwenye matawi, na zilitokeza juu ya majani zikamwonyesha askari alipojificha. Zaidi ya hayo, kila walipobadilisha masafa ilibidi wabadilishe na urefu wa fimbo. Alitaka antena fupi, isizidi mkono wa mtu, na iyakubali masafa yote ya redio yake, kutoka chini mpaka juu, bila kuguswa.

Shefu alivua miwani, akaipangusa. "Komanda, ile unaomba ni ngumu. Nikikufanyia, utanipa nini?"

Sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Afisa naye alionekana kushangaa, lakini alielewa upesi.

"Nipatie hiyo kintu, na siku ya posho treni inakuya. Weye, mama na batoto, mutapanda na baaskari bangu. Hakuna muntu atabagusa."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: antena ya urefu wa mkono, na watu sita ndani ya behewa Jumamosi, ndiyo siku ya posho.

Nataka nieleze jinsi alivyoitengeneza, kwa sababu sijaona tena akili ikifanya kazi namna ile. Fimbo nyembamba hupenda masafa mamoja na kuyachukia mengine. Ukiilazimisha, wimbi halitoki hewani, linamrudia mwenyewe redioni. Ukiinenepesha fimbo, inapata uvumilivu. Ukiifupisha, uvumilivu unapotea tena. Shefu alichora haya yote kwa chaki sakafuni, akitembea kwa magoti, na shati lake jeupe akilishikilia lisiguse vumbi. Kisha akakata vipande sita vya shaba nyembamba, akavifunga juu ya mti wa ufagio ili vibane chini, vitoke tumbo katikati, na vibane tena juu. Huo ulikuwa unene bila uzito. Chini ya mti akaweka pete nyeusi iliyotoka ndani ya televisheni iliyopasuliwa siku za uporaji, akaizungushia waya mara chache tu, akihesabu kwa midomo. Pembeni yake akatia kipande kidogo cha kumeza lile wimbi linalokataa kutoka na kuligeuza joto.

"Lakini shefu," nikasema, "si tunapoteza nguvu?"

"Tunapoteza, ndiyo. Tunatoa nguvu kiloko, kidogo tu, tunapata upana mingi. Muntu mwenye anataka byote bibili, aende akalale."

Tulipoipima uani, kwenye meza ya majaribio, mshale wa kipimo, ambao hupanda wimbi likirudi redioni, ulilala chini kutoka masafa ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilizungusha kitufe mara tatu, nikidhani kipimo kimekufa. Nilipiga kigelegele. Shefu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Jumatano hiyo askari wakaibeba kwenda upande wa Nzilo kuijaribu.

Walirudi kabla ya saa sita, na afisa mbele, macho mekundu. Walipotoka tu nje ya mji, masafa ya juu yalisikika kwa shida na ya chini yalikufa kabisa.

"Munanichezea?" alisema. Aliipiga meza kwa kiganja hata lehemu ikamwagika. "Posho treni inaenda. Na weye ama bila weye."

Alipoondoka nikaikimbilia antena nione kilichokatika. Rula ikanipata kwenye vidole. Shefu alikaa kwenye kiti chake.

"Ongea."

Nilitaka kulia. Mtoto wake anakohoa stesheni na yeye anataka hadithi! Lakini nilijua hatasogea, nikaanza kwa hasira. Tuliweka redio juu ya meza. Meza ya wapi? Ya uani. Uani pakoje? Pakavu, tambarare. Na chini ya ua kuna nini?

Nikafungua mdomo, sikuufunga. Chini ya ua wetu kulikuwa na wavu wa shaba. Waliotutangulia waliuzika pote, chini ya karakana, chini ya ofisi, chini ya kila mlingoti wa redio mgodini, kwa sababu shaba kwetu ilikuwa kama mchanga. Kila antena ina nusu mbili, moja unayoiona na nyingine inayosimamia ardhini. Mafundi wa mahali pengine hulala wakiiwaza hiyo nusu ya pili. Sisi, watu wa Kolwezi, tulizaliwa juu yake, hatukuwa tumeitengeneza hata siku moja, na tulikuwa tumeisahau kama mtu anavyosahau kwamba ana kisogo. Askari aliyetembea kwenye udongo mtupu hakuwa na wavu chini ya buti zake.

Shefu alicheka safari hii kwa sauti, mpaka akavua miwani. "Miaka makumi mbili mi niko najua mingi, kumbe ni udongo wa kampuni njo ulikuwa unajua!"

Njo, yaani ndio: udongo ndio uliojua. Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye alikuwa na furaha, nakuambieni, furaha ya kweli, ya mtu aliyekamatwa na makosa mazuri.

Dawa aliipata kabla ya jioni. Kama askari hana ardhi, basi aibebe. Tulichuna nyaya nene za zamani, tukatoa ndani yake ule msuko wa shaba ulio laini kama utepe, nami nikaushona kwa sindano ya fundi viatu ndani ya mikanda ya begi la redio, ukashuka mgongoni na kuning'inia mpaka kwenye shavu la mguu. Alhamisi tulitoka nje ya uzio, mbali na shaba yote ya mgodi, kwenye njia ya mashamba. Nilivaa redio mimi, maana yeye alisema antena ya askari lazima ipimwe ikiwa na mtu ndani yake. Nilitembea mbele, yeye nyuma na kipimo na mkasi, akikata mkia kidogo kidogo. Wanawake waliokuwa wakilima mihogo waliacha majembe.

"Mama iko na mukia!" walipiga kelele. "Tata, usimukate yote!"

Nilikuwa nimekasirika, na wakati huo huo nilikuwa na furaha kuliko siku ya diploma yangu.

Ijumaa askari walikwenda tena Nzilo. Safari hii sauti ilirudi safi, masafa yote, na askari mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, antena haionekani. Afisa alimkumbatia shefu. Kisha akamwekea mkono mmoja begani, akatamka maneno niliyoyasikia kama mtu anayefungiwa mlango usoni.

"Muntu kama weye hatoki. Bibi na batoto batapanda kesho. Weye utabaki, nataka ile kintu kwa kila kikosi changu."

Shefu alijua, na mimi nilijua, itakavyokuwa kwa mwanamke na watoto wanne peke yao kwenye lile behewa, siku nyingi njiani, na mmoja mgonjwa. Alijua pia kwamba hakuna anayemkatalia mkuu wa kambi. Alijibu kwa adabu.

"Komanda, kazi ile tulifanya babili. Huyu mama anajua yote. Mi nikienda, hautakosa kitu."

Afisa alinitazama kuanzia viatu. "Huyu?"

"Umupime. Kesho asubuhi. Mi nitakaa inje, nitageuka mugongo. Akishindwa, nabaki."

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa mezani peke yangu, afisa amesimama karibu nami. Kupitia mlango niliuona mgongo wa shefu juu ya kreti, shati jeupe, askari pembeni yake. Treni ilikuwa tayari stesheni.

Sitajipamba. Nilipokuwa nakata vipande vya shaba, mawazo mabaya yalikuja. Nikishindwa, atabaki. Nitakuwa na mwalimu wangu. Pete moja ikizungushiwa waya mara moja zaidi ya inavyotakiwa, hakuna atakayejua, hata yeye. Na nikifaulu, nani atakuwa amemtoa Kolwezi? Wale vijana wa Musonoi walimtoa kwenye nyumba tu. Kazini alikuwa bado ameshika, na aliyekuwa karibu kumng'oa hapo nilikuwa mimi, kwa mikono aliyoifundisha yeye. Nilipiga moyo konde. Nilianza kusema kwa sauti kila nilichokuwa nafanya, mzunguko kwa mzunguko, na afisa akadhani nasali.

Antena ilipokamilika, aliniamuru niipime pale pale uani.

"Hapana, komanda."

"Unasema nini?"

"Hapa udongo unadanganya. Tuende inje."

Alitazama saa yake, akatukana, lakini alikuja. Kwenye njia ya mashamba nilimvalisha redio askari wake mrefu kuliko wote, mshale ukapanda upande wa masafa ya chini, na moyo wangu nao ukapanda. Yule alikuwa amenizidi kimo kwa kichwa kizima, na kipimo cha mkia wangu kilikuwa cha mwili wangu. Niliongezea kipande cha msuko, nikakifunga, nikampima tena akitembea, nikapunguza ncha kwa mkasi, nikampima tena. Mshale ukalala. Afisa alichukua kipaza sauti, akawaita watu wake wa Nzilo, akazungusha kitufe, akaita tena, akazungusha. Walijibu kwenye masafa yote.

Aliporudi uani alikuwa akinitazama namna nyingine. "Bien, ni muzuri," akasema. "Weye njo shefu sasa." Kisha akageukia kreti. "Na weye, kwenda."

Neno moja, na lilimfungua na kumfukuza kwa pamoja. Shefu aliinuka. Hakukitazama kipimo. Aliichukua antena yangu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila lehemu, moja baada ya nyingine, kama alivyozoea, zote, na treni inasubiri.

"Umetia lehemu kiloko kupita mi," akasema. "Ni muzuri."

Nilimpenda mtu yule kama mtu anavyompenda aliyemfundisha kusoma. Nikasema tu tuharakishe.

Stesheni askari walitupasulia njia. Behewa lilikuwa la mizigo, limeshajaa, watu wameketi juu ya magodoro yao, wengine wameshikilia milango. Shefu alipanda kwanza ili apokee vitu. Nilimpa masufuria, nikampa sanduku la nguo, nikawainua watoto watatu mmoja mmoja. Mke wake alibaki chini na yule mdogo kifuani, joto la homa ya mtoto lilinifikia hata kabla sijamgusa. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa mlangoni mwa behewa alinitazama, ovaroli yangu ya mgodi, askari nyuma yangu, akamuuliza mama yule mimi ni nani.

Mke wa shefu alinigeukia. Uso wake haukuwa na ukali, wala haukuwa na upole.

"Njo ule alibaki na kazi ya bwana yangu," akamjibu.

Kisha akanipa mtoto nimshikie, ili yeye apate mikono ya kupandia.